Mutu wa kijani na kadena nyuma yake

Wandugu na wadada, hapa tumezoea kuchambua vitabu na filme. Leo ninaomba tuchambue kibao: kile kibao cha kijani chenye mutu anayekimbia, kinachowekwa juu ya mlango wa sale. Wengi wetu tumemaliza iniversite bila kukiangalia hata siku moja. Hata mimi nilikuwa vile, mpaka siku moja ambayo nitaieleza mbele kidogo.

Juu ya nini tukichambue? Juu kile nacho ni kazi ya mtu aliyekaa chini akafikiri. Mshairi anaweza kukuomba usome mara tatu ndipo umuelewe. Aliyechora kibao cha kutokea hana bahati hiyo. Msomaji wake anakohoa, analia, ameshika mtoto mkono, na ana sekunde chache tu. Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja: kibao kinamwambia jambo lake kila mtu aliye ndani, na kwa wakati?

Tuanzie kilikotoka. Mwaka 1972 jengo la maduka liliungua kule Osaka, Japani, watu 118 wakafa. Mwaka uliofuata duka lingine kubwa likaungua Kumamoto, wakafa zaidi ya 100. Vibao vya Japani wakati ule vilikuwa vya maneno, kwa herufi zao, na ndani ya moshi maneno hayakusomeka vizuri. Kukuza herufi peke yake hakukutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakafanya shindano, na michoro zaidi ya 3,000 ikatumwa. Mchoro ulioshinda ulinyooshwa na kundi la wabunifu wakiongozwa na Yukio Ota. Katika miaka ya 1980, shirika la viwango la kimataifa, ISO, likaukubali. Njo huyo mutu tunayemuona leo kuanzia Ulaya mpaka kwenye majengo mapya ya miji yetu.

Marekani ilibaki na njia yake: neno EXIT, mara nyingi kwa rangi nyekundu. Tusiwacheke haraka. Wana sheria kali juu ya kibao chao: herufi zisiwe fupi kuliko inchi 6, karibu sentimita 15, na taa yake iendelee kuwaka dakika 90 baada ya umeme kukatika. Wanaokitetea wanasema mtoto wa kule anakua akiliona lile neno kila mahali, na hahitaji hata kulisoma. Ni kweli, kwa mtoto wa kule.

Lakini minaona makosa mawili. La kwanza ni rangi. Katika alama za usalama za kimataifa, nyekundu ni ya kukataza na ya vifaa vya kuzima moto, njano ni ya kuonya, bluu ni ya kuamuru, na kijani ni ya usalama. Mama anayeuza mboga kule Kinshasa hajasoma viwango vya ISO, lakini anawajua wale maroboti wa barabarani waliobuniwa na Thérèse Izay Kirongozi, walioanza kazi mwaka 2013. Nyekundu, unasimama. Kijani, unapita. Sasa moto umewaka, unamwekea neno jekundu juu ya mlango ambao unataka apite!

Kosa la pili ni lugha. Neno linachagua nani atoke. Sisi tuko na Kifaransa cha leta na lugha nne za taifa: Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba. Tukiandika SORTIE DE SECOURS, tumemwambia mwenye dipolome. Yule mama aliyekuja kwa basi kumuona mtoto wake akitetea mémoire, amekaa nyuma na kitenge chake kipya, yeye tumemwambia nini? Sherehe ni yake kuliko yetu, maana njo yeye alilipa minerval. Tukiandika lugha zote tano, kibao kitakuwa gazeti. Mchoro unamaliza ubishi huo. Kwa hiyo upande wangu ni wa mutu wa kijani.

Hata hivyo, kumpenda si kumfumbia macho. Huyo mutu naye ana makosa yake.

Kwanza, ana upande. ISO imetoa michoro miwili, mmoja anakimbilia kushoto na mwingine kulia. Mwenye jengo anayenunua kimoja tu na kukibandika popote anaweza kumwonyesha mtu ukuta. Pili, anakimbia. Kule kwetu Mashariki tuko na ndugu wengi wanaotembea kwa baiskeli za mikono, juu ya polio na juu ya vita. Wengine tumesoma nao. Wakati wa moto, kibao kinawaambia wakimbie kuelekea ngazi. Siku hizi kuna wabunifu wanaochora mutu wa kiti cha magurudumu kando ya yule anayekimbia, lakini huo mchoro hauna faida kama mbele yake hakuna njia laini ya kushukia.

Tatu, anakaa juu sana, na moshi unapanda juu. Kinachofichwa kwanza ni kile kibao chenyewe. Ndiyo maana mahali pengine wanaweka pia alama chini, karibu na sakafu, zinazong'aa gizani.

Tena kuna tabia yetu sisi binadamu: tukiogopa, tunarudi mlango tuliouingilia. Mwaka 1942, kule Boston, klabu ya Cocoanut Grove iliungua na watu 492 wakafa. Wengi walikimbilia mlango mkuu, uliokuwa wa kuzunguka, ukakwama na watu ndani yake. Milango mingine ilikuwepo, lakini mingine ilifungwa na mingine ilifunguka kuelekea ndani, na watu waliosongamana hawakuweza kuivuta. Hapo njo utajua kwamba kibao ni nusu ya kazi tu. Nusu nyingine ni mlango.

Sasa niwaeleze ile siku. Ilikuwa kolasio ya mkubwa wangu, katika sale moja ya mji wetu ambayo sitaitaja. Watu walijaa mpaka kwenye madirisha. Joto likanishinda, nikatafuta hewa. Nikaona kibao kizuri sana cha kijani, kinawaka, mshale wake uko sawa, na mutu anakimbilia upande unaofaa. Ningekipa pointi 18 juu ya 20. Nikasukuma mlango, haukuenda. Nikachungulia kwenye ufa, nikaona mnyororo na kadena.

Nikamtafuta sentineli, mzee mwenye heshima zake. Nikamwambia, "Papa, ule mlango wa kijani umefungwa." Akanijibu bila hasira, "Mwana, banafunga juu ya bezi. Bezi banapitaka pale." Nikamuuliza, "Na ufunguo?" Akasema, "Iko na patron. Patron ameenda safari."

Nilirudi kukaa. Picha tulipiga, fanta tulikunywa, hakuna aliyekufa. Lakini sikuisikia tena hotuba hata moja, nilikuwa ninahesabu watu.

Yule mzee simlaumu. Jibu lake ni la zamani kuliko yeye. Tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua New York, watu 146 wakafa, wengi wao wasichana waliohamia kutoka Italia na Ulaya ya Mashariki. Mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa. Juu ya nini? Wenye kiwanda waliogopa wizi, walitaka wafanyakazi wote watokee upande mmoja, wakaguliwe mikoba. Bezi tena!

Na hofu hiyo ilikuwa imeshapata dawa. Mwaka 1883, kule Sunderland, Uingereza, watoto 183 walikufa kwa kukanyagana katika ukumbi wa Victoria Hall, juu ya mlango uliofungiwa kwa komeo ukaacha nafasi ndogo tu. Baadaye, mwaka 1892, Mwingereza mmoja, Robert Alexander Briggs, alipata hati ya ubunifu wa kifungio chenye fimbo: kwa nje mlango umefungwa, mwizi haingii. Kwa ndani unasukuma fimbo kwa mwili tu, mlango unafunguka, bila ufunguo na bila patron. Zaidi ya miaka 130 imepita. Kwa hiyo anayetuambia tuchague kati ya mwizi na moto anatuomba tuchague kitu ambacho fundi ameshakimaliza.

Hukumu yangu basi ni hii. Mchoro wa Ota na wenzake ni kazi nzuri, wenye haki kuliko neno, na tuudai katika kila jengo letu. Lakini kibao cha kijani juu ya mlango wenye kadena ni kibaya kuliko ukuta mtupu. Ukuta haumwiti mtu. Kibao kinamwita, anaacha njia nyingine, anafika, anakuta mnyororo.

Kati yetu kuna wahandisi, wanasheria, waganga, na wale wanaokodisha sale kila mwezi kwa ajili ya ndoa na kolasio. Kabla ya kutoa avansi, tembea mpaka kwenye mutu wa kijani na usukume mlango wake. Ukikataa kufunguka, mwambie mwenye sale aondoe kadena, la sivyo peleka pesa zako kwingine. Na siku ya sherehe, mama yako umkalishe karibu na mlango ule uliousukuma mwenyewe.