Kuingiza Malkia si Kumtambulisha: Uhakiki wa Istilahi za Ufugaji Nyuki

Miongoni mwa maandishi tunayoletewa ili tuyasanifu, yale ya kilimo na ufugaji ndiyo yanayotudai uangalifu mkubwa zaidi, kwani msomaji wake husoma ili atende. Kosa la istilahi katika kitabu cha falsafa huzaa mjadala. Katika kijitabu cha ufugaji huzaa hasara. Makala haya yanahakiki istilahi chache za kijitabu kimoja cha mafunzo kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza, hasa sura yake ihusuyo kuweka malkia mpya katika kundi la nyuki.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Malkia akizeeka na kupunguza kutaga, mfugaji mwenye mizinga ya masanduku huweza kumwondoa na kuweka mwingine. Malkia mgeni haachiliwi ovyo mzingani. Hutiwa katika kizimba kidogo cha waya ambacho mlango wake umezibwa kwa donge la sukari iliyosagwa laini na kukandwa kwa asali, na kizimba hicho hupachikwa baina ya masega. Nyuki wafanyakazi hulila donge hilo kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na muda huohuo huizoea harufu ya mgeni. Donge likiisha, mlango huwa wazi, naye hutoka akiwa si mgeni tena. Akiachiliwa mapema, aghalabu wafanyakazi humzunguka kwa wingi, wakambana na kumtia joto kali hata akafa.

Kijitabu chetu kinaiita kazi hii "kutambulisha malkia". Chanzo cha kosa ni dhahiri. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa lina maana zaidi ya moja: kumjulisha mtu kwa wenziwe, kutia kitu ndani ya kingine, na kuleta mahali kitu ambacho hakikuwapo. Mfasiri ameshika maana ya kwanza, ile aliyoizoea mikutanoni, akaiacha ya pili iliyokusudiwa.

Huenda msomaji akauliza: je, kuna madhara gani, iwapo mfugaji ataelewa kwa kuona picha? Madhara nimeyaona. Nilipata kukisoma kijitabu hiki pamoja na wafugaji wachache wa Kwamkoro, katika Tarafa ya Amani, milima ya Usambara Mashariki. Mmoja wao alikuwa amekwisha kukifuata neno kwa neno. Kijitabu kinasema: "Baada ya kumtambulisha malkia, fungua kizimba." Naye alikiweka kizimba mzingani, akangoja kidogo nyuki wamwone mgeni wao, kisha akafungua. Kwa Kiswahili alichoandikiwa hakukosea hata kidogo, maana kutambulisha mtu ni kazi ya dakika mbili. Malkia aliuawa siku ileile. Kundi halikuwa na mayai wala viluwiluwi vichanga vya kulelea malkia mwingine, likadhoofika mpaka likaisha.

Mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza alicheka, akasema: "Mwanangu, nyuki kuingia si nyuki kukaa." Wafugaji wengi wa nchi yetu hupata nyuki kwa kutundika mizinga mitupu na kungoja bumba lijilete lenyewe. Kwa hiyo wanajua kwamba bumba huweza kuingia leo na kuhama baada ya siku chache. Katika usemi wao kuna matukio mawili, na kila moja lina kitenzi chake. Tofauti ambayo mfasiri aliipoteza ofisini ilikuwa hai vinywani mwa watu aliowaandikia.

Kutokana na hayo tunapendekeza istilahi mbili zitenganishwe. "Kuingiza malkia" ni tendo la mfugaji: huanza anapopachika kizimba, nalo huishia hapo. "Kupokea malkia" ni tendo la nyuki, na mfugaji hana amri juu yake. Kazi yake ni kungoja na kukagua. Desturi yetu inatufundisha jambo hilo kila siku mlangoni: hodi hupigwa na mgeni, karibu hutolewa na mwenyeji. Sentensi ile ya kijitabu ingepaswa kusomeka hivi: "Baada ya kuingiza malkia, usifungue kizimba, waache nyuki wale donge mpaka wampokee."

Maana ya tatu nayo ina neno lake, "kuleta" au "kupeleka". Wajerumani walipoanzisha taasisi ya utafiti Amani mwaka 1902, mimea mingi ya kigeni ililetwa kupandwa huko, haikutambulishwa. Malkia nao wamepata kusafirishwa hivyo. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika ya Kusini, na kutoka Tabora pia, akawapeleka kwao. Mwaka 1957 mabumba 26 yalitoroka, na uzao wao ukaenea sehemu kubwa ya bara la Amerika. Malkia wale walipelekwa nchini, wakaingizwa mizingani, wakapokewa na makundi. Mfasiri anayetumia kitenzi kimoja kwa hatua zote tatu huificha habari yote.

Yapo makosa mengine mawili. Kijitabu kinasema mlango wa kizimba uzibwe kwa "pipi". Mfugaji asomaye hivyo ataenda dukani kununua peremende, ambazo ni ngumu na hazikukusudiwa. "Donge la sukari" linatosha. Vilevile, kule kubanwa kwa malkia kumeitwa "kumfanyia mpira", maneno yasiyo na maana kwa Mswahili yeyote. Tunacho kitenzi "kuzonga", na kila aliyewahi kuzongwa na watu sokoni atakielewa.

Hata hivyo haifai kumlaumu mfasiri kwa kila jambo. Ametumia "sega", "kundi" na "bumba" kwa usahihi, wala hakukimbilia "koloni", neno lenye historia nyingine kabisa kwetu. Hilo laonyesha kwamba uwezo anao. Alichokosa ni safari moja ya kwenda mizingani kabla ya kupeleka mswada kiwandani.

Basi mapendekezo yetu ni haya: kuleta, kuingiza, kupokea, kuzonga, donge. Yote ni maneno ya kawaida, na hakuna hata moja lililohitaji kuundwa. Walimu na mabwana nyuki wayajaribu kazini, watuandikie walikoona yanapwaya.