Tahakiki: Fasili za Maneno ya "gh" na Mwanafunzi wa Luzira

Katika kamusi, kurasa za gh humkutanisha mwanafunzi na maneno adimu kama ghaidhi, ghofiri, ghururi na ghushi, yakiwa jirani na gharama na ghala anayoyafahamu. Mengi yana asili ya Kiarabu, ambamo sauti hiyo huandikwa kwa herufi moja, ghaini. Swali letu ni hili: je, fasili tunazowapa wanafunzi zinawatosheleza?

Kwanza, tutazame neno ghuba. Kwa muda mrefu tumeandika ubaoni kwamba ghuba ni sehemu ya bahari iliyoingia katika nchi kavu. Lakini mwanafunzi wa Luzira akishuka hadi bandari ya Port Bell huikuta Ghuba ya Murchison, na maji yake ni ya Ziwa Viktoria. Fasili yetu imeyaacha nje maji anayoyaona kila siku. Tungeandika "bahari au ziwa", tusingepoteza lolote.

Pili, kuna fasili za neno moja. Tukisema ghaidhi ni ghadhabu, na ghadhabu ni hasira, hatujaonyesha tofauti yoyote. Tukisema kughushi ni kudanganya, tumepotosha. Anayetia maji katika maziwa ya kuuza ameyaghushi. Anayechapa noti bandia naye ameghushi. Lakini anayesema uongo tu hajaghushi kitu. Vivyo hivyo, ghofiri ni kusamehe, ila aghalabu anayeghofiri ni Mwenyezi Mungu. Bila maelezo hayo, mwanafunzi ataandika kwamba mwalimu amemghofiria kwa kuchelewa darasani, nasi tutamkosoa kwa kosa letu wenyewe.

Tatu, fasili huachwa bila matamshi. Luganda haina sauti ya gh, hivyo wanafunzi wengi huitamka g. Sentensi moja yatosha kuwaonyesha hasara yake: "Anaghani shairi gani?" Vilevile kwa ghibu, yaani kwa kukariri moyoni, isichanganywe na ghaibu, yaani hali ya kutokuwapo au kutoonekana.

Hatusemi kamusi hazifai. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, imewafaa walimu wengi. Kamusi, hata hivyo, ina nafasi finyu. Mwalimu hana udhuru huo.

Tangu marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Wanaojifunza lugha hii wakiwa mbali na pwani si wageni wa kupewa makombo ya fasili. Tunapendekeza kila neno adimu lipewe mambo matatu: maana kamili, mipaka ya matumizi, na sentensi inayotoka katika mazingira ya mwanafunzi mwenyewe. Tuanze na ghuba iliyo mbele ya macho yetu.