Mfinyanzi na Chuo cha Sanaa

Wahenga walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Neno hili twalijua sana hapa Kigwa, mashariki ya Tabora, katika njia ya kale waliyopita wapagazi wakichukua pembe za ndovu kwenda Bagamoyo. Mama afinyangaye huuza chungu kizima, naye nyumbani atumia kilichopasuka. Siku hizi hata hicho kizima hakina wanunuzi wengi, maana ndoo za plastiki na sufuria zimejaa kila gulio.

Basi binti mmoja wa hapa kwetu, aliyefunzwa kufinyanga na bibi yake tangu utoto, ameomba kwenda Chuo cha Ualimu Butimba, huko Mwanza, apate kuwa mwalimu wa sanaa. Wako waliocheka. Mzee mmoja alituuliza sisi walimu mbele ya watu, “Aende kufundishwa nini asichokijua?” Siku ile hatukuwa na jibu. Tangu hapo tumekuwa tukizitazama, katika picha, kazi za mwanamke mmoja ambaye habari zake zafaa sana katika shauri hili.

Bibi Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Kwanza alijifunza uchoraji wa matangazo ya biashara, si ufinyanzi. Mwaka 1971 akaenda Uingereza, akasoma Cambridge, kisha katika chuo cha sanaa cha Farnham. Alipokuwa mwanafunzi, fundi mmoja Mwingereza, Michael Cardew, alimshauri aende Nijeria, katika kituo cha ufinyanzi alichokianzisha yeye Cardew huko Abuja, mji ambao sasa waitwa Suleja. Bibi Odundo akaenda, miaka ya 1974 na 1975, na huko akajifunza kufinyanga kwa mkono kutoka kwa wanawake, mmojawapo akiwa Ladi Kwali. Wasomaji na walifikiri jambo hili: mwanafunzi wa chuo cha Ulaya asafiri mpaka Afrika, aketi mbele ya mama aliyefunzwa kazi na shangazi yake kijijini.

Huyo Ladi Kwali naye alikuwa amepita njia hiyo kwa upande wa pili. Alikuwa mfinyanzi hodari wa mitungi ya maji, akichora ubavuni mijusi, nge na nyoka. Mwaka 1954 aliingia katika kituo cha Cardew, akafundishwa gurudumu, na mitungi yake ikapakwa dawa ya kung'aza iyeyukayo kama kioo katika tanuru kali. Ikawa mizuri ajabu, ikaonyeshwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa heshima ya udaktari, na sura yake imepigwa katika noti ya naira 20. Lakini sisi tuliokunywa maji ya mtungi twajua kwamba mtungi hupoza kwa sababu hutoka jasho. Uliofunikwa kioo hautoki jasho. Shule ilimpa mama yule sifa, nayo ikautoa mtungi wake katika kazi yake. Twalisema hili bila kumpunguzia heshima.

Bibi Odundo hakufuata njia ya gurudumu wala ya kioo. Huanza na donge la udongo, hulitoboa na kulivuta juu, kisha huongeza kamba za udongo, hukwangua kwa kipande cha kibuyu, hupaka udongo laini na kusugua kwa kokoto mpaka uso ung'ae. Mama yeyote wa Kigwa angeweza kuifuata kazi hiyo kwa macho asihitaji mkalimani. Kikichomwa kwa hewa nyingi, chombo huwa chekundu kama chungwa. Atakapo kiwe cheusi, hukirudisha motoni ndani ya chombo kilichozibwa, pamoja na vipande vya mbao, moshi ukanywewa na udongo. Matumbo ya vyombo hivyo ni mapana, shingo ndefu, na mdomo mara nyingine umeinama upande mmoja, kama mtu ageukaye alipoitwa. Havina pambo ila pengine vichuchu vidogo begani. Twakiri kwamba tuliitazama picha moja mpaka taa ikafifia.

Ila lawama tunayo. Vyombo hivyo hukaa katika makumbusho, nyuma ya kioo kingine, wala hakuna atakayevitekea maji. Bibi yake yule binti, tulipomwonyesha, alisema, “Kizuri. Kinapika nini?” Hatukuweza kumcheka. Chungu kisichokwenda jikoni kimepoteza nusu ya hukumu yake, maana moto wa jikoni ndio mwamuzi asiyependelea.

Hata hivyo, tulimwuliza yule bibi kwa nini achanganya vigae vilivyosagwa katika udongo wake. Akajibu, “Ndivyo tufanyavyo.” Ajua kwa mikono, maneno hana. Bibi Odundo anayo yote mawili, na kwa hiyo aliweza kufundisha watu wasio wa ukoo wake, hata akawa profesa huko Farnham mwaka 2001. Nadhani hapo ndipo lilipo jibu la yule mzee. Binti haendi kufundishwa kufinyanga. Aenda kutafuta maneno ya kazi aijuayo, na cheti cha kumwingiza darasani, kwa kuwa bibi yake, mwenye ujuzi wote huu, hatapewa darasa. Twaona hilo ni kosa letu sisi watu wa shule. Tena katika shule moja tuliyofundisha zamani, saa ya kazi za mikono watoto walikata karatasi za rangi, na ng'ambo ya barabara wanawake wawili walikuwa wakichoma vyungu. Hatukuvuka barabara hata siku moja.

Binti ataondoka Tabora kwa gari moshi akipata nafasi. Bibi yake ameshamtwangia vigae debe moja, achukue, kwa kuwa hauamini udongo wa Mwanza.