Nunua Mabega, Mengine Mwachie Fundi

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na katika harusi za Busale suti ya kuazima hujitangaza kabla mwenyewe hajafika mezani. Mabega yamemwagika nje ya bega lenyewe, mikono imefunika vidole, suruali imerundikana juu ya viatu. Koti lilikatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Lakini suti ya mtumba nayo ilikatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, tena wa ng'ambo, na bado wako wanaume wilayani Kyela wanaoivaa utadhani walizaliwa nayo. Tofauti iko kwa fundi cherehani.

Suti si ngeni huku. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na tangu hapo Jumapili ina mavazi yake. Baadaye vijana wa Kinyakyusa walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, Chunya, na shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na waliorudi hawakurudi mikono mitupu: walirudi na nguo. Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, kisha Rais Mwinyi akafungua milango hadi akaitwa Mzee Ruksa, marobota ya mitumba yakasambaa mpaka minada ya vijijini. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kuachana na mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya soko ya AGOA. Rwanda ikakaza, Tanzania ikalegeza. Ndiyo maana makoti bado yananing'inia sokoni Kyela mjini, na mwenye nauli ya ziada hupanda gari hadi Mwanjelwa, Mbeya, akachague kwa nafasi.

Anayechagua kwa akili huanza na mabega, kwa sababu hapo ndipo fundi hana la kufanya kwa bei ya kawaida. Bega la koti ni mikono iliyopachikwa, pedi, bitana na kitambaa cha ndani, vyote vimeshikana. Kulifumua ni kulijenga koti upya. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Kola ishike shingo bila kuacha pengo, na ukosi wa shati uchungulie nyuma kama sentimita moja. Inua mikono, kaa, simama tena. Koti likirudi mahali pake lenyewe, limekukubali. Lebo ya ndani nayo husaidia: 40R maana yake ni kifua cha inchi 40 kwa mtu wa kimo cha kawaida, na 50 ya Ulaya ni saizi hiyohiyo. S ni kwa wafupi, L kwa warefu. Urefu wa koti usiubahatishe, maana ukilikata chini mifuko hubaki imekaa chini mno na sura yote huharibika.

Baada ya mabega, kitambaa. Kyela ni joto na mvua nyingi, na poliesta nzito huku ni adhabu. Sufu nyepesi ndiyo inayopumua, hasa koti lenye bitana nusu mgongo. Fundi mmoja wa Busale ana namna yake ya kumaliza ubishi. Anachomoa uzi mmoja ndani ya pindo la suruali, anauwasha kwa kiberiti, ananusa. Ukinuka nywele zilizoungua na kubaki jivu linalosagika vidoleni, ni sufu. Ukiyeyuka ukaganda kuwa kidonge kigumu, ni poliesta, hata lebo iseme nini. Kisha anaukagua uso wa kola za kifuani. Palipotoka malengelenge, gundi ya ndani imeachia, na hakuna pasi itakayoirudisha.

Ukimtazama akirekebisha ndipo unaona kwamba kazi hii inataka subira kuliko kushona nguo mpya. Anayeshona upya ana kitambaa kizima cha kukosea. Huyu ana koti moja tu. Anamsimamisha mteja mlangoni penye mwanga. "Simama kama unavyosimama siku zote, baba, usijikaze." Anapima mkono wa kulia, halafu wa kushoto, kila mmoja peke yake, maana wanaume waliobeba magunia ya mpunga na kakao tangu ujana mara nyingi wana bega moja lililoshuka, na mikono ya koti isiyojua hilo itaonekana imepotoka. Anatia alama kwa kipande cha sabuni kikavu, ambacho hufutika bila kuacha doa.

Kisha wembe. Anakata uzi tu, mshono hadi mshono, bila kugusa kitambaa, na kila anapofungua anatazama fundi wa kwanza alifanyaje: ziada iliachwa kiasi gani, bitana ilishikizwa wapi. Koti analipunguza ubavuni na kwenye mshono wa mgongo, kidogo kidogo, akipiga bandi kwa mkono na kumvalisha mteja kabla ya kuketi kwenye cherehani ya miguu. Akizidisha, mifuko itaanza kukimbilia mgongoni. Suruali ina huruma zaidi, kwa kuwa mshono wa nyuma, kuanzia kiunoni kushuka, mara nyingi huachiwa ziada. Mwenye tumbo huongezewa, mwembamba hupunguziwa. Mikono ya koti hufupishwa chini, ili shati lionekane kidogo kwenye kifundo. Lakini kama vifungo vya mkono vina matundu ya kweli, kazi inabidi ianzie begani, na bei inapanda.

Pasi huja mwisho, ya mkaa, majivu yakiwa yamekung'utwa vizuri nje. Sufu haipigwi pasi uso kwa uso, itang'aa kama goti la suruali ya shule. Anatandika kitambaa cha pamba chenye unyevu, anakandamiza, anainua, anaacha mvuke upoe kabla ya kusogea. Haburuzi.

Kwa mwenye pesa ya msimu mmoja, hesabu ni hii: gawa fungu lako kabla hujaingia sokoni, na sehemu ya fundi usiiguse hata muuzaji akikuonyesha koti la pili. Chagua rangi ya bluu iliyoiva au kijivu, kwa kuwa suti hiyo moja itakwenda harusini, kanisani, msibani na kwenye mkutano wa shule. Hakikisha koti na suruali ni pacha kweli, na uzilinganishe juani, kwani kivulini kila cheusi hufanana na cheusi.

Na ukiweza, mwonyeshe fundi koti kabla ya kulipa. Atalikunja bega, atalitazama kwapani, na huenda akalirudisha kwenye kiango akasema, "Hili liache." Kwa neno hilo amejinyima kazi ya kufumua na kushona, na wewe amekuokolea fedha. Fundi wa namna hiyo usimpunje siku utakapompelekea koti lenyewe.