Kuyahoji Mafuta ya Moyo

Tangu homoni ya leptini igunduliwe mwaka 1994, mafuta ya mwili hayahesabiwi tena kuwa ghala la nishati tu, bali pia chanzo cha homoni. Leptini hupanda mafuta yakiongezeka. Adiponektini, homoni nyingine ya mafuta inayoisaidia insulini na kuilinda mishipa, huenda kinyume: tumbo likikua, yenyewe hushuka. Kwa mwenye sindromu ya metaboli, yaani kiuno kipana pamoja na sukari, presha na lehemu zilizokwenda kombo, kipimo cha damu huyaonyesha hayo. Tatizo ni kwamba damu ni ya mwili mzima. Haisemi homoni imetoka tumboni, pajani, au kwenye tabaka la mafuta lililogandamana na moyo.

Na linachotoa tabaka hilo kinaweza kuufikia moyo moja kwa moja, kwani halina utando wa kulitenga na msuli wa moyo, na vyote viwili hulishwa na mishipa ileile.

Mwaka 2003 mtafiti Tomasz Mazurek na wenzake walilikabili tatizo hilo la damu kwa ujanja ninaoupenda. Kwa wagonjwa 42 waliokuwa wakipasuliwa ili kupandikiziwa mishipa ya moyo, walichukua vipande viwili vya mafuta kwa kila mmoja: kimoja moyoni, kingine chini ya ngozi. Kila mgonjwa akalinganishwa na nafsi yake. Umri, dawa, kisukari, vyote vikawa sawa pande mbili. Mafuta ya moyo yakakutwa na kemikali nyingi zaidi za inflamesheni, na vipimo vya damu havikuakisi yaliyokuwa yakiendelea pale. Ila wote walikuwa tayari wagonjwa wa moyo. Kama ni mafuta yaliyoanza au ni ugonjwa, utafiti wa namna hiyo hauwezi kuamua.

Tena nani atakubali kupasuliwa kifua ili apimwe tu? Mwaka huohuo mtafiti Gianluca Iacobellis alionyesha kuwa ultrasaundi ya moyo inaweza kupima unene wa mafuta hayo juu ya ventrikali ya kulia. Mwaka 2008 yeye na wenzake wakapendekeza mpaka wa unene wa hatari: milimita 9.5 kwa wanaume, 7.5 kwa wanawake. Namba hizo nazipokea kwa tahadhari. Moyo ukijaa damu, mafuta hubanwa. Ndiyo maana yeye hupima moyo ukiwa umemaliza kusinyaa, na anayepima wakati mwingine atapata namba ndogo. Halafu unene wa mahali pamoja si ujazo. Kipimo cha picha cha CT huutoa ujazo, kwa gharama na mionzi, lakini nayo, sawa na ultrasaundi, huyaona mafuta yenyewe tu. Homoni yanazotoa haizioni.