Je, Figo Huchuja Tu?

Vitabu vingi vya afya husema kwamba figo "huchuja damu". Istilahi hiyo, kwa maoni yetu, si kosa bali ni pungufu. Chujio likishapitisha tui, kazi yake imekwisha. Figo hupitisha maji na chumvi, kisha hurejesha katika damu takriban asilimia 99 ya chumvi hiyo. Kwa baadhi ya watu figo hurejesha kupita kiasi. Maji huandamana na chumvi, na shinikizo la damu hupanda. Mgonjwa aliyefundishwa "kuchuja" peke yake hudhani kwamba chumvi yoyote atakayokula itachujwa itoke. Kwa hiyo twapendekeza wafasiri na walimu waandike: figo huchuja, hurejesha na kutoa.