Mapenzi na Unyonyaji katika Filamu ya "Vuta N'kuvute"

Filamu ya "Vuta N'kuvute", iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Habari yake ni ya Unguja katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Yasmin, binti wa Kihindi, aozwa mume aliyemzidi umri kwa mbali. Amkimbia, apata hifadhi kwa Mwajuma, mwimbaji wa taarabu, kisha ampenda Denge, kijana mpigania uhuru anayewindwa na serikali. Ni rahisi kuiona hadithi hii kuwa ya mapenzi yaliyotiwa siasa kama kitoweo. Jina lenyewe la filamu lapinga rai hiyo.

"Vuta n'kuvute" ni mkato wa "vuta nikuvute". Kitenzi cha kwanza ni amri. Cha pili kimebeba nafsi mbili, mimi nitendaye na wewe utendewaye. Lau ingalisemwa "mvutano", nafsi hizo zingalipotea. Jina la Kiingereza, Tug of War, nalo lataja mchezo wa kamba tu, wala halisemi nani amvuta nani. Tena ni mzizi huo huo uzaao "kuvuta" kamba na "kuvutia" moyo. Kwa hiyo mapenzi na ugomvi wa matabaka vimekaa katika neno moja.

Ndivyo ilivyo katika filamu. Ndoa ya Yasmin ni mapatano ya wakubwa juu ya mwili wa mtu asiyeulizwa. Kifungo cha Denge nacho ni amri ya dola juu ya mwili wa mtu asiyetii. Wapenzi hawatenganishwi na ajali wala na udhaifu wa mioyo yao, bali na wenye uwezo wa kuamua nani akae wapi na nani. Hapo ndipo msiba wao upatapo uzito.

Hata hivyo pana upungufu. Filamu yaonyesha vizuri mkono utenganishao, lakini yaonyesha kidogo mno faida ipatikanayo kwa utengano huo. Songea yatoa mfano wa kulipimia jambo hili. Katika enzi hiyo hiyo ya ukoloni, wanaume wengi wa huko walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Waliitwa manamba, neno litokanalo na "namba", kwani mtu alijulikana kwa hesabu kabla ya jina lake. Mshahara ulikadiriwa kama wa mtu asiye na jamaa. Mke aliyebaki nyumbani aliwalisha watoto kwa jembe lake. Basi kutengana kwa mume na mke hakukuwa bahati mbaya, bali sehemu ya hesabu ya tajiri. Katika "Vuta N'kuvute" vikaratasi vya siri, mikutano na askari vina nafasi kubwa. Hesabu ya namna hiyo haina nafasi ya kutosha.

Upungufu huo hauondoi thamani ya kazi hii. Mtazamaji wa leo ajua kwamba uhuru wa Zanzibar ulikuja Desemba 1963 na mapinduzi Januari 1964. Yasmin na Denge hawayajui hayo, na mapenzi yao hayawezi kuyangoja. Yafaa filamu isomeshwe pamoja na riwaya, na wanafunzi waulizwe kwanza: katika kila tendo, nani avuta, na nani avutwa?